Zamani Tulikosa Oili, Leo Tumekosa Siku

Nyuma ya kifuniko cha kulia cha injini ya Honda CG125, kwenye ncha ya kranki, kuna kikombe cha chuma ambacho waendeshaji wengi huzeeka na pikipiki zao bila kukiona. Ili ukifikie lazima umwage oili, uchomoe mguu wa kiki, ulegeze skrubu za kifuniko moja baada ya nyingine, kisha ubandue gasketi taratibu isije ikachanika. Kazi ya kikombe hicho ni moja. Kinazunguka pamoja na kranki. Oili inapita ndani yake, uchafu mzito unarushwa pembeni na kuganda kwenye kuta, na oili iliyosafishika inaendelea na safari yake kwenda kulainisha beringi ya konrodi. Injini hii haina chujio la karatasi la kutoa na kutupa. Ina wavu mdogo chini na kikombe hiki, basi.

Jumamosi moja nilifungua kikombe cha pikipiki ya baba yangu. Nilikuta tope jeusi, gumu, lililojaa mpaka katikati pakabaki upenyo mwembamba usiopitisha hata penseli. Nikaanza kulichokoa kwa kijiti cha mwanzi. Lilitoka tabaka kwa tabaka, mengine meusi tii, mengine ya kijivu yanayometameta kwa vumbi la chuma. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa banda, kama afanyavyo kila ninaposhika spana. Nikamwekea kipande kiganjani. Akakisugua kwa vidole, akakinusa, akakiangalia tena kwenye mwanga.

"Hii ni miaka ya themanini hii," akasema.

Kipande kile cha tope ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Ndani yake niliona kwa nini pikipiki ya baba ilikufa, na baada ya wiki chache nikaona kwa nini pikipiki za vijana wa mtaani kwetu zinakufa mapema kuliko zinavyostahili, ingawa maduka ya spea yamejaa na oili inauzwa kila kona.

Baba alikuwa bwana shamba. Eneo lake lilikuwa Mgeta, kwenye mteremko wa Uluguru unaolisha miji kwa kabichi, karoti na njegere. Anayeijua njia ya kutoka Sangasanga kupanda huko anajua pia kuwa masika yakikolea, hata mwenye miguu minne husita. Pikipiki alipewa na mradi mwaka 1979. Mradi ulipofungwa, vyombo vikauzwa kwa mnada wa watumishi, na baba akainunua ileile aliyokuwa akiipanda, kwa sababu alijua tabia zake. Akaendelea nayo hadi 1994. Mwaka huo injini ilianza kugonga upande wa chini, kwanza kwa mbali, kisha kwa nguvu, na siku moja ikanoki akiwa anateremka. Ilirudi mjini Morogoro juu ya gari la kabichi. Ikaingizwa bandani, ikafunikwa turubai, na hapo ikakaa. Wanunuzi wa chuma chakavu walikuja na mizani yao zaidi ya mara moja. Baba alikuwa akiwapa maji ya kunywa na kuwasindikiza hadi getini.

Miaka mitatu iliyopita nilimwomba ruhusa ya kuifufua. Akaniuliza swali moja tu, kama nina haraka. Nikamjibu kuwa sina. Akanipa ufunguo.

Lugha yetu ilikiita chombo hiki kwa mlio wake. Injini ya silinda moja inayochoma mara moja katika kila mizunguko miwili ya kranki, ikiwa imetulia bila mzigo, hutoa sauti unayoweza karibu kuihesabu: piki, piki, piki. Hiyo silinda moja ndiyo inayoifanya kuwa mwalimu mzuri kwa mtu anayejifunzia nyumbani. Ina pistoni moja, plagi moja, kabureta moja, konrodi moja. Injini ya silinda nne huweza kuficha silinda moja mgonjwa nyuma ya tatu nzima. Hii haina pa kujificha. Ikikohoa, mgonjwa ni huyohuyo, na kazi yako ni kumuuliza mpaka ajibu.

CG125 inastahili heshima ya pekee kwetu, kwa kuwa ilichorwa kwa kuwafikiria watu kama sisi. Kabla yake, Honda walikuwa na mashine ya ukubwa huohuo ambayo kamshafti yake ilikaa juu kichwani na kuendeshwa na mnyororo. Mpango huo ni mzuri kwa nguvu na mwendo, lakini unadai oili safi kwa wakati na mnyororo unaokazwa kwa wakati. Kwa mtu anayetoka nayo Jumapili kupunga upepo, hayo si madai makubwa. Kwa mtu anayebeba mbolea, watoto na matofali katika nchi ambako pikipiki ni mfanyakazi, ni madai mazito. Basi wahandisi wakaishusha kamshafti chini, wakaifunga kwa giya lililoshikana na kranki, na valvu zikawa zinasukumwa na fito mbili ndefu. Kamshafti yenyewe ina jino moja tu linalotosha valvu zote mbili. Cheni ya nyuma ikafunikwa mzima mzima, vumbi na matope visiiguse. Pikipiki ikatoka mwaka 1976, na mwaka huohuo kiwanda cha Honda cha Manaus, Brazil, kikaanza kazi kwa kuiunganisha. Ukoo wake umeenea kote huko, na Pakistani wameendelea kuitengeneza mpaka karne hii.

Wachina nao wakauchukua mchoro ule. Kwa hiyo pikipiki nyingi za Kichina zilizoingia Dar es Salaam na Mombasa kuanzia miaka ya 2000, zile zilizobeba wimbi la bodaboda, zilikuja na injini inayofuata mchoro huo: fito mbili, giya la kamshafti, na kile kikombe nyuma ya kifuniko cha kulia. Kijana anayekupeleka sokoni leo huenda amekalia mjukuu wa pikipiki ya baba yangu.

Nasema haya kwa sababu ukarimu wa mchoraji umetupotosha. Alituchorea injini inayovumilia ili itufae siku tukikwama. Sisi tukauchukua uvumilivu wake kuwa ruhusa ya kutoihudumia kabisa. Injini inayovumilia haidai kwa sauti. Inaendelea kutembea huku kikombe kikijaa, na siku inapodai, inadai kila kitu kwa pamoja.

Kazi ya bandani ilianza kwa kusubiri. Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda kwa kutu. Nilimimina mchanganyiko wa dizeli na oili kupitia tundu la plagi, nikafunga, nikaacha. Kila jioni nikirudi kazini niliweka mguu kwenye kiki na kuusukuma kwa uzito mdogo tu, kisha nikaongeza mchanganyiko kidogo. Rafiki aliyepita alinishauri nitie kipande cha gogo na nyundo niimalize jioni ileile. Ni kweli ningeimaliza. Ningepata pia pistoni iliyopasuka, huenda na silinda isiyofaa tena. Siku ya kumi na tisa kiki ikashuka kwa upana wa ukucha. Siku ya ishirini na mbili ikazunguka.

Skrubu za kifuniko zilinifundisha jambo jingine. Skrubu za pikipiki za Kijapani za wakati ule zina msalaba wake, unaofanana na wa bisibisi ya nyota tunayoinunua dukani lakini haulingani nayo barabara. Ukitumia bisibisi hiyo kwa nguvu, inateleza na kuula msalaba. Nusu ya skrubu zilikuwa zimeshaliwa. Kila kichwa kilicholiwa kilikuwa ushahidi wa mkono uliokuwa na haraka, na kila kimoja kilinigharimu saa nzima: kupasha moto, kugonga taratibu, kuchonga mfereji mpya kwa msumeno, kujaribu tena.

Ndani kulikuwa na ushahidi wa mikono mingine. Chini ya silinda nilikuta gasketi iliyokatwa kwa boksi la sabuni. Matundu yake yalikuwa yamelingana na ya injini kwa usahihi ambao nilipoupima kwa rula nilinyamaza. Fundi aliyeikata hakuwa na gasketi ya dukani, akaketi na wembe mpaka akaipata. Kwenye kifuniko cha upande wa pili, kazi ya miaka ya baadaye, mtu alikuwa amepaka gundi ya silikoni kila mahali bila kusafisha, na vipande vyake vilivyokatika vilikuwa vimeshuka hadi kwenye wavu wa oili. Hapo oili ilipita kwa taabu. Fundi wa boksi la sabuni alikosa vifaa lakini alikuwa na muda. Yule wa pili alikuwa na kifaa cha kisasa akakosa muda. Injini imezihifadhi kazi zote mbili, na inasema wazi ipi iliisaidia.

Silinda nikaipeleka kwa mkerezaji. Akaipima juu, katikati na chini, akaniambia mikwaruzo ni mirefu kuliko nilivyodhani. Kipenyo cha silinda hii ikiwa mpya ni milimita 56.5. Pistoni za kuzidi hupanda kwa hatua ya robo milimita, 0.25, 0.50, 0.75, mpaka milimita moja. Silinda, kwa maneno mengine, ina akiba ya hatua nne, na kila hatua unayoitumia hairudi. Kwa 0.25 mikwaruzo isingeisha. Tukabori hadi 0.50, nikatoka pale nikiwa na akiba ya hatua mbili. Tangu siku hiyo siwezi kumwona dereva akipiga resi injini ya baridi asubuhi bila kufikiria hatua zake zimebaki ngapi.

Tanki lilikuwa limejaa kutu. Hapo nilitumia vitu vya jikoni: siki iliyomiminwa mpaka juu, mnyororo mfupi ndani yake wa kukwangua, kulitikisa asubuhi na jioni kwa siku tatu, kisha kulisuuza kwa maji ya magadi ili kuua makali ya siki, kulikausha juani na kulipaka oili kabla kutu haijarudi. Bonde lililo ubavuni mwa tanki nimeliacha. Baba aliangukia hapo mwaka 1983 akiwa na mfuko wa mbegu za maharage mgongoni, na alinionyesha kovu lililo kwenye goti lake linaloelewana na bonde hilo. Nani aniruhusu nilinyooshe?

Nirudi kwenye tope. Baada ya kulinusa, baba alinieleza. Vita vya Kagera vilikuwa vimemalizika mwaka 1979, bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda, na fedha za kigeni zilikuwa haba. Maduka yalikuwa na rafu tupu. Oili ya injini kule kwao ilipatikana kwa kibali, na kibali kilianza na malori na magari ya mradi. Pikipiki ya bwana shamba ilikuwa mwisho wa foleni. "Nilibadilisha oili nilipoipata," aliniambia, "siyo ilipotakiwa." Nyakati nyingine aliichuja ileile kwa kitambaa cha kanga na kuirudisha. Nikamuuliza kuhusu kikombe. Akatikisa kichwa. Kitabu cha pikipiki kilikuwepo, kwa Kiingereza, na kilibaki kwenye kabati la ofisi ya mradi. Kwa miaka 15 mtu huyu aliipanda milima na kuiosha kila Ijumaa, aliijua kwa sauti na kwa harufu, na hakuna aliyemwambia kuwa kuna kikombe.

Kwa hiyo nikajua kilichoiua. Kikombe kilijaa, kikaacha kushika uchafu, uchafu ukaenda moja kwa moja kwenye beringi ya konrodi, beringi ikalegea, ndipo zile sauti za kugonga. Mafundi watatu waliiangalia wakati ule. Mmoja alibadilisha plagi, mmoja akabadilisha ringi, mmoja akasema iuzwe. Siwalaumu. Nataka tu msomaji aone kuwa kila mmoja aliangalia sehemu iliyokuwa ikilia, na hakuna aliyepewa siku ya kutafuta kinachoiliza.

Wiki mbili baadaye kijana mmoja wa kijiwe cha jirani alikuja kuazima spana namba 10. Alimwamkia baba, "Shikamoo babu," akaitikiwa, kisha macho yake yakaganda kwenye injini iliyokuwa juu ya meza.

"Mzee, mbona kama ya kwangu?"

Tukatoka nje, tukachuchumaa kando ya pikipiki yake. Kifuniko kilikuwa kilekile, mpangilio wa skrubu uleule, fito mbili zinapanda upande uleule. Yake ilikuwa na miezi tisa barabarani. Nikamwonyesha kikombe cha baba, nikamweleza. Akaniuliza cha kwake kinafunguliwa lini. Nikamwambia mimi nimejiwekea kilomita 10,000. Akapiga hesabu kichwani. Kwa mwendo wake wa kilomita zisizopungua 100 kwa siku, hiyo ni miezi mitatu na ushee. Alitakiwa awe amekifungua mara mbili tayari.

Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa na jibu lake: "Sasa mzee, hiyo siku ya kufungua nitaitoa wapi?"

Pikipiki yake ni ya mkataba. Kwa asiyejua, mkataba ni hivi: mwenye pikipiki anamkabidhi kijana chombo, kijana anapeleka hesabu ya kiasi walichokubaliana, na muda ukiisha, mara nyingi mwaka na zaidi kidogo, pikipiki inakuwa yake. Ni mpango uliowatoa vijana wengi, na siukejeli. Lakini hesabu haijui mvua, haijui homa, haijui kuwa leo injini imefunguliwa. Matengenezo ni juu ya kijana. Siku akilaza chombo kwa fundi, anaingia hasara mara mbili: halipwi na anadaiwa. Kwa hiyo anafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya katika nafasi yake. Anabadilisha oili akiwa amekaa juu ya pikipiki, dakika kumi, anaondoka. Kama injini inagonga, anaongeza oili nzito inyamaze. Mwaka unapoisha anakabidhiwa kadi yenye jina lake, na chombo ambacho maisha yake yameshatumika kulipa hesabu.

Baba alikosa oili. Kijana huyu ana oili ya kila aina katika duka lililo hatua 20 kutoka kijiweni, na amekosa siku. Tope ni lilelile.

Hilo ndilo ninalotaka tulitazame. Tumezoea kusema mafundi wetu hawajui, madereva wetu hawatunzi, vyombo vya siku hizi ni feki. Mimi naona ujuzi hukaa pale palipo na muda wa kuuliza, na sisi tumeupanga uchumi wa pikipiki ili muda huo usiwepo. Tazama jinsi fundi wa chini ya mwembe anavyolipwa. Akibadilisha kabureta, anapata chake kwenye spea na kwenye kufunga. Akikaa nusu saa akagundua kuwa kabureta ni nzima na tatizo ni bomba la hewa lililopasuka, mteja atampa shilingi chache na kumwambia kuwa hajafanya kitu. Tumemfundisha kuwa kufikiri hakulipi na kubadilisha kunalipa. Baada ya miaka kumi ya somo hilo, tunashangaa kwamba anabadilisha.

Najua nitakavyojibiwa, na majibu hayo yana uzito. La kwanza ni kuwa mimi nina mshahara. Sina hesabu ya jioni, na banda ni la nyumbani kwetu. Ni kweli kabisa. Subira niliyoieleza hapa ilinunuliwa na kazi nyingine, na gharama zake, ukijumlisha kukereza, konrodi, pistoni na beringi, zimepita bei ya pikipiki kuukuu inayotembea. Sipendekezi kila dereva atumie miaka mitatu kwenye injini moja. Ninachosema ni kuwa sisi tuliojaliwa muda tuna wajibu wa kuutumia kutafuta majibu, na kuyapeleka kijiweni kwa watu ambao hawana muda huo. Laiti mtu mwenye kile kitabu cha Kiingereza angemwita baba mwaka 1980 akamwonyesha kikombe, Mgeta ingekuwa na bwana shamba mwenye pikipiki kwa miaka mingine kumi.

La pili ni kuwa umeme unakuja. Kigali tayari imeelekeza pikipiki mpya za abiria ziwe za umeme, Nairobi zinapishana nawe barabarani, na kwetu zimeanza. Sawa. Pikipiki ya umeme haina kikombe cha oili. Ina betri, nyaya, beringi na breki, na kila kimoja kina njia yake ya kuchoka kimyakimya. Jamii iliyozoea kungoja kitu kilie ndipo kibadilishwe itaingia katika umeme na mazoea hayohayo, na betri ni spea ghali kuliko pistoni.

Basi naomba mambo matatu, na la kwanza ni dogo mno kiasi kwamba linaweza kuanza kesho. Wenye pikipiki za mkataba, andikeni siku moja. Kila mwezi siku moja isiyo na hesabu, ya kufungua, kusafisha, kupima na kukaza, ikiwekwa kwa maandishi pale kwenye karatasi mliyosainiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Haitawapunguzia kitu kikubwa, na mkataba ukivunjika katikati chombo kitawarudia kikiwa na injini. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoiruhusu pikipiki kubeba abiria, hii ni kazi rasmi. Kazi rasmi ina siku ya kutunza zana zake.

La pili ni kwetu wateja. Tumlipe fundi kwa kugundua. Akikwambia, "Nipe saa moja nitafute," mlipe saa hiyo kama unavyomlipa daktari kwa kukusikiliza kifua, hata akikwambia hakuna cha kununua. Hasa akikwambia hakuna cha kununua.

La tatu ni kwa vyuo vyetu vya ufundi. VETA wana utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwatambua kwa cheti. Ni utaratibu wa heshima, nami naomba umpe nafasi ya juu yule anayeweza kueleza kwa nini kitu kimeharibika, zaidi ya yule anayekifungua na kukifunga upesi. Injini kuukuu zilizolala kwenye mabanda ya nyumba zetu zingefaa sana kwa mtihani huo. Anayeuza injini kama hiyo kwa kilo anauza kitabu kwa bei ya karatasi.

Tuliiwasha ya baba mwezi uliopita. Valvu nilikuwa nimeziachia nafasi ya milimita 0.08, karibu unene wa unywele, injini ikiwa ya baridi. Pointi za kuchomea plagi nilikuwa nimezisafisha na kuzipima mara mbili. Kiki sita hazikuleta kitu. Ya saba ikaitika, ikazima. Ya nane ikashika, ikatoa moshi wa bluu kwa dakika moja mpaka oili niliyoipaka ndani ilipoungua, kisha ikatulia. Piki, piki, piki. Baba aliinuka kutoka kwenye kigoda bila fimbo. Akainama, akaweka sikio karibu na kichwa cha injini, mkono wake ukiwa kwenye lile bonde la tanki.

Mimi nilisikia valvu zikigongagonga kwa juu, nikamwambia labda niziminye kidogo zinyamaze.

"Ziache," akasema. "Valvu inayosema ni nzima, mwanangu. Ikinyamaza ndipo uogope, inaungua."

Nilizima, nikamwaga oili ile ya kwanza, nikafungua kifuniko tena ili tuone kikombe kimeshika nini katika dakika zile chache. Kilikuwa kimeshika utando mwembamba wa kijivu, vumbi la ringi mpya zinazozoeana na silinda. Baba aliufuta kwa kidole na kuutazama kwa muda mrefu.

Jumapili iliyofuata, saa moja asubuhi, yule kijana wa kijiweni aligonga geti. Nilitoka nikidhani amerudisha spana. Nyuma yake, amepakiwa, alikuwa mtu mzima mwenye kofia ya kufuma, ambaye alijitambulisha kuwa ndiye mwenye pikipiki. Kijana alikuwa amemwomba aje aone kwa macho yake. Tukamwaga oili, tukachomoa kiki, tukalegeza skrubu moja baada ya nyingine. Kikombe cha miezi tisa hakikuwa kimejaa kama cha baba, lakini tope lilikuwa limeshapita robo. Mwenye pikipiki alikipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba ukutani, akaangalia weusi ulioganda chini ya ukucha wake.

"Hiki," aliuliza, "huwa kinafunguliwa baada ya muda gani?"